Kisu Kilicholala Mlangoni

Lamadina, juu ya Kara
20 Machi 1988

Mpwa wangu Toyi,

U hali gani huko kwenye chumvi na mchanga? Sisi huku mlimani tunapumua. Upepo wa vumbi umeondoka, umetuachia vikohozi na midomo iliyopasuka, lakini hakuna aliyelazwa. Paa la tanuri langu la uhunzi liling'oka upande mmoja, nimeliezeka upya. Mbuzi amezaa pacha. Mkaza-mjomba wako Pidenam anakusalimu, anauliza kama umeshanenepa au bado unafanana na mti wa kuegeshea pikipiki. Mama yako Mazalo hajambo, jana tu alikuwa anagombana na mwenye mashine ya kusaga.

Sasa nije kwenye lililonikalisha na kalamu, mimi nisiyependa kalamu.

Mwaka wa matanga ya baba yako umekwisha. Tumenyoa, tumekunywa pombe ya mtama, tumemaliza. Basi ulipokwisha tu, baba yako mdogo Tchedre akaanza kupitapita kwenye shamba la marehemu, mikono nyuma, anahesabu matuta kwa macho. Unajua anachongoja. Desturi unaijua, lakini nakukumbusha kwa sababu pwani inasahaulisha: mwanamke hufungua mavuno kwa kisu alichopewa na mumewe. Akifiwa, mwanawe wa kwanza humletea kingine. Akikiokota na kukata masuke ya kwanza kwa mkono wake, mbele ya watu, shamba ni lake mpaka afe. Asipofanya hivyo, shemeji yake huja na kisu chake, na kisu kikishaingia shambani kimeingia na mwenyewe.

Watoto wa watu hununua sokoni. Wewe hununui. Mama yako ni binti wa tanuri hili, amezaliwa cheche zikimrukia. Ukimletea kisu cha dukani nitakukana mbele ya mlima mzima. Wala sikupi changu, maana kisu cha mjomba si kisu cha mwana. Utakitengeneza mwenyewe. Najua hujawahi. Hiyo si shida yangu.

Kikiwa tayari mpe Akoriko, dereva wa lori la viazi vikuu, yule hana ulimi mrefu. Kikifika nitakilaza chini mlangoni pa mama yako, maana kisu hakitoki mkono kwenda mkono. Akikiinua, amekipokea pamoja na aliyekileta. Asipokiinua, basi.

Mavuno ni Desemba. Barua hii inapitia sanduku la posta la Batchassi, mwana wa Tchedre, kwa kuwa mnapanga nyumba moja. Msalimu. Mwambie za watu hazisomwi.

Mjomba wako,
Palakiyem

*

Lomé
24 Aprili 1988

Mjomba Palakiyem, shikamoo, na shikamoo ya mkaza-mjomba weka kando yake.

Barua yako nimeikuta imefunguliwa. Batchassi anasema gundi ya siku hizi mbovu. Sisi wazima. Joto tu, na kazi ya kuchomelea inaniunguza macho. Dzigbodi anawasalimu. Ameanza kuuza uji asubuhi penye kona, na wateja wanamwita kwa jina kabla sijaamka.

Mjomba, tangu nisome barua yako sikai. Nikikaa nasimama. Nimechora kisu kwenye karatasi za mifuko ya saruji, nimechora kwenye ukuta wa gereji kwa chaki, nimechora kwenye karatasi ambayo Dzigbodi anafungia andazi, tukakosana. Mwishowe nikakata kigezo cha boksi, nikakitembeza mfukoni wiki nzima, nikikitoa kila mara kukigeuzageuza. Watu wa gereji wakadhani nimepata wazimu.

Chuma nilichukua kwenye springi ya lori. Nikakipasha, nikakinyoosha kwa nyundo, nikakibana kwenye jiliwa na kukila kwa tupa mpaka viganja vikatoa malengelenge. Kukifanya kigumu nilikichovya kwenye oili ya injini, halafu nikakirudisha juu ya makaa taratibu mpaka kikapata rangi ya asali, kama nilivyokuona ukifanya. Mpini ni mpingo, na misumari ya shaba. Ni kirefu, kimechongoka, kinang'aa. Kinanyoa nywele za mkono! Fundi mkuu alitaka kukichukua, nikamwambia ni cha mama yangu, akaniachia.

Nakuomba jambo moja. Ukikilaza mlangoni, mtazame usoni, uniambie. Tangu nimuoe Dzigbodi mama hajanitumia neno hata moja. La mwisho nililosikia ni "mke wa pwani", nalo lilikuja kwa mdomo wa mtu mwingine. Akikiinua nitajua.

Mpwa wako,
Toyi

*

Lamadina
29 Mei 1988

Toyi,

Salamu. Mvua zimeanza vizuri, mtama umetoka. Pidenam ana jino, amevimba shavu moja na bado anaongea kuliko mimi. Pacha mmoja wa mbuzi amekufa. Mama yako yupo.

Kisu nimekiona. Nilipokifungua nilicheka mpaka Akoriko akaogopa. Kijana, nani amekuambia mama yako anakwenda vitani? Umemtengenezea mwanamke wa kukata masuke kitu cha kuchinjia ng'ombe wa mfalme! Ncha ile ya nini? Atamchoma nani, ndege? Na mgongo wake mnene, makali yanaanza vizuri halafu nyama ya chuma inayafuata nyuma, inakwama kwenye bua. Kinanyoa nywele, ndiyo. Mtama hauna nywele.

Hata hivyo, nilikigonga nikakisikiliza. Umekipika sawa, hakijaungua. Kwa mtu asiyefua chuma kwa nyundo ya jiwe kama sisi, si haba. Nimesema, na sirudii.

Nilikilaza mlangoni siku ya soko. Bado kiko chini.

Tengeneza kingine. Kifupi. Chembamba. Na mpini ule mwembamba sana. Shikilia hapo kwenye mpini, ufikirie.

Palakiyem

*

Lomé
3 Julai 1988

Mjomba, shikamoo.

Sisi wazima, ila Dzigbodi alipata homa siku chache, sasa yuko kwenye uji wake. Poleni na jino. Poleni na pacha.

"Bado kiko chini." Mjomba, ndiyo uniandikie hivyo tu? Maneno matatu? Nimeyasoma nikienda kazini na nikirudi. Nimempa Dzigbodi asome labda mimi sikuyaelewa. Mama alisema nini? Alikiruka? Alikizunguka? Alikitemea mate? Wewe ulikuwa wapi?

Haya, kisu. Nimefanya ulivyosema. Niliacha springi, nikachukua tupa iliyochakaa, chuma chake kizuri. Nikakitoa ugumu wake kwanza kwenye moto ili kilegee, nikakichonga kifupi, urefu wa kidole cha kati na zaidi kidogo. Halafu haraka yangu ikaniponza. Oili ilikuwa imekwisha, nikakichovya kwenye maji. Kikalia tii! na ufa kutoka makali hadi mgongoni. Nilikitupa ukutani, nikaapa siendelei. Kesho yake nikaendelea.

Hiki ninachokutumia ni cha tatu kwa kuhesabu kile kilichopasuka. Nimekaa nikakumbuka jinsi akina mama wanavyokata: kisu kimelala kiganjani, kidole gumba kinakandamiza bua dhidi ya makali, kichwa kinadondoka kikapuni. Kwa hiyo kisu chote nimekijenga juu ya kidole gumba chake. Nimepinda makali yaelekee ndani, mgongo nimeufanya mwembamba, na mpini nimeuongeza kidogo tu, maana nikiunenepesha gumba halitafika. Nimejaribu kwa mabua ya mahindi ya jirani, amekasirika. Kinakata kabla hujafikiri.

Mjomba, nijibu la mama.

Toyi

*

Lamadina
14 Agosti 1988

Toyi,

Mieleka ya vijana imekwisha, upande wetu tumeshinda, sauti sina. Jino la Pidenam limetoka. Mvua nyingi, matuta mawili yamebomoka tukayajenga. Mama yako yupo nyumbani.

Kisu cha pili ni kisu. Nilikwenda nacho kwenye shamba langu, nikakata majani nacho, nikajikuta natabasamu peke yangu. Umejifunza upesi kuliko mwanangu, ambaye sasa anavuna kakao ya watu Ghana na hanitumii hata salamu. Makali yako yamekaa vizuri. Usiyaguse.

Lakini hicho nacho kiko chini. Nilikiondoa kile cha vita, nikakilaza hiki mahali pake. Tchedre anapita kila siku, anakitazama, anakohoa, anapita. Jana kaniambia, "Shemeji, naona kutu inawahi mtu." Nikamwambia kutu iwahi meno yako.

Kosa liko kwenye mpini. Nakuambia tena. Unateleza, ni mwembamba, hauna pa kujishikiza. Na usilitegemee sana gumba. Fikiria mpini unaoweza kukaa mkononi hata gumba likiwa limekwenda kutembea.

Unaniuliza mama yako amesema nini. Mimi nimeulizwa habari za kisu, najibu habari za kisu. Usiniulize habari za kinywa, niulize habari za mpini.

Palakiyem

*

Lomé
11 Septemba 1988

Mjomba,

Shikamoo. Tuko hai.

Sitaki tena. Nasema wazi, na Batchassi akisoma asome, amwambie na baba yake. Mpini, mpini, mpini! Unanificha kwenye mpini. Mtu akitaka kisu anakiokota hata kikiwa na mpini wa gunzi. Mama hanitaki, ndiyo habari. Amenihesabu na wafu tangu nimlete Dzigbodi nyumbani kwangu bila yeye kumwona. Sasa nimechonga visu, nimepasua mikono, na kila mtu anayepita mlangoni pake anaona mwana wa Mazalo amelala mavumbini haokotwi. Mnajua inavyouma?

Siwezi kukaa. Gereji nilichomelea lango la mtu nikalifunga kinyume. Napanda barabara ya bahari, nashuka, narudi. Dzigbodi ananiambia, "Wewe bwana, umegombana na mama yako au na mjomba wako au na kipande cha mti? Chagua mmoja tupumzike." Jana kaenda mwenyewe sokoni kwa wachonga miti, akarudi na gogo la mkwaju, akaliweka juu ya meza yangu. Nimelisukuma chini ya kitanda.

Shamba achukue Tchedre. Mimi nitamtumia mama nauli aje pwani nimlishe samaki, akikubali kula mkononi mwa mke wa pwani.

Toyi

*

Lamadina
9 Oktoba 1988
Kwa mkono wa Akoriko, si kwa posta

Toyi,

Sisalimu leo. Nimeisoma barua yako mara moja, nikaitia motoni, kisha nikakaa nje ya tanuri na hasira, kwanza yako, halafu yangu. Niliapishwa nisiseme. Nimeshika kiapo kwa mdomo na kwa kalamu, na sitakivunja kwa kimoja wala kingine.

Katika kitambaa hiki kuna donge la nta. Nililipasha, nikaliweka mahali, likafinywa. Akoriko ameambiwa alipakate njia nzima lisipate jua.

Tengeneza mpini unaojaza hilo shimo. Usiandike kwa posta mpaka mavuno.

Palakiyem

*

Lomé
13 Novemba 1988
Kwa mkono wa Akoriko

Mjomba wangu,

Nisamehe nilivyokuandikia. Nianze hapo.

Nililifungua donge mezani, Dzigbodi amesimama nyuma yangu. Kwanza sikuona kitu, nta tu. Halafu nikaona ule mstari unaokatiza kiganja, kovu la makaa alilolipata utotoni tanurini kwa babu. Mama. Nikaingiza vidole vyangu kwenye alama zake. Cha mwisho, cha pete na cha kati vimezama kwa nguvu, mpaka kucha zimeonekana. Cha shahada kimegusa tu. Gumba halikuacha hata alama. Nikaligeuza donge pande zote nikilitafuta gumba la mama yangu. Halipo.

Mjomba, nililia. Nililia kwa sauti, majirani wakaja.

Kumbe si kwamba hataki kuinama. Anataka. Ila akiinama akakishika, kitamtoka na kudondoka mbele ya Tchedre, na siku hiyo hiyo mlima wote utajua mkono umekufa. Na wewe ulikuwa unaniambia tangu Mei, mpini, mpini, nami nakujibu gumba, gumba. Nimejenga kisu kizima juu ya kidole kisichomtii! Ni tangu lini? Anaumwa? Usijibu. Najua kwa nini hukuandika. Batchassi sasa haoni hata bahasha, ananiuliza kama mjomba ameninunia. Nimemwambia ndiyo, na kwamba nimeacha visu. Amefurahi, akanunua bia.

Sasa nikuambie nilichofanya, na samahani kwa kuchelewa. Chuma ni cha tupa nyingine. Makali sikuyabadili unene, ila nimeyapinda zaidi, yawe mundu mdogo. Bua likiingia kwenye pindo la makali halina pa kukimbilia, hivyo halihitaji gumba kulisukuma. Anavuta mkono kwake tu. Mpini ni ule mkwaju wa chini ya kitanda. Nimeuchonga ujaze nta, mnene kiganjani, na mifereji mitatu ya vidole vitatu vinavyomsikia, na mwisho wake umejikunja ili kidole cha mwisho kijishikize hapo.

Mpini wa kwanza ulikuwa mzuri kwa kutazama na haufai. Dzigbodi alijifunga gumba na cha shahada kwa kitambaa, akaingia uani kukata mabua. Kikamtoka. Nikachonga wa pili, kikamgeukia kiganjani. Akaniambia, "Huu ungekuwa mkono wa mama yako watu wangeshacheka. Rudia." Alizunguka na vidole vilivyofungwa siku kadhaa, anauza uji hivyo hivyo, wateja wanamuuliza ameungua wapi. Ni yeye aliyesema kuwe na kitanzi cha ngozi kinachopita juu ya mgongo wa mkono. Nimekishona kwa ngozi ngumu ili kisimame wazi chenyewe, asihitaji mkono wa pili kukifungua.

Na jambo la mwisho, ndilo lililonisumbua kuliko makali. Visu vile vya kwanza vililala bapa ardhini. Mtu huvinyanyua kwa gumba na kidole, hakuna njia nyingine. Hiki nimekipinda mpini uinuke, kisimame juu ya ncha na mkia, katikati pana nafasi. Ukilaze kitanzi kikielekea mlangoni. Aingize vidole vitatu kwa chini, mkono upite kwenye ngozi, anyanyuke. Dzigbodi amekiokota hivyo kwenye udongo, kwenye saruji, kwenye mchanga. Kwenye mchanga kinasumbua, kwa hiyo fagia mlango mpaka pawe pagumu.

Nimekipa makali yote niliyonayo. Nataka kuja. Ukiniambia nije, nitakuja kwa miguu. Ukiniambia nikae, nitakaa, ingawa kukaa kwenyewe ndiko sikuwezi.

Mwambie mama, au usimwambie.

Toyi

*

Lamadina
11 Desemba 1988
Kwa posta, na Batchassi asome kwa sauti akipenda

Mpwa wangu Toyi, mwana wa Mazalo,

Salamu zikufikie wewe na mwenzio, na wateja wake wa uji wote. Pidenam mzima. Mbuzi ana mimba tena. Tanuri linawaka. Mtama umejaa mpaka tumeazima vikapu.

Mavuno ya mama yako yalifunguliwa juzi. Kaa chini usome. Najua hukai, lakini jaribu.

Watu walijaa asubuhi mapema, maana Tchedre alikuwa ametangaza kwa watu kwamba mwaka huu kuna neno. Amekuja na kisu chake kiunoni, kimenolewa, na wanawe wawili na vikapu vyao. Nilikuwa nimefagia mlango mpaka udongo ukang'aa. Kisu chako kimekaa pale kimeinua mgongo. Watu wakakizunguka, kila mtu na neno lake. Mmoja akasema ni mtego wa panya. Nikawaambia ngojeni panya atoke.

Mama yako akatoka. Amejifunga nguo yake ya bluu, mkono wa kulia ndani ya nguo kama alivyozoea tangu mvua za kwanza, siku alipoamka vidole viwili havimsikii. Sasa naandika, kiapo kimekwisha. Akautoa mkono, akainama. Mara ya kwanza kitanzi kikanasa upindo wa nguo, kisu kikasogea. Tchedre akakohoa. Mama yako akavuta nguo kwa mkono wa pili, akainama tena, akaingiza vidole, nikaona mkono unapita kwenye ngozi. Akanyanyuka. Kisu kimo.

Hakusimama kushangiliwa. Akashika njia ya shamba, sisi nyuma. Tchedre akamfuata ubavuni, anauliza, "Shemeji, kisu gani hicho chenye mkanda?" Mama yako akajibu bila kugeuka, "Cha kisasa, kimetoka pwani. Wewe chako kina mkanda?" Watu wakaangua kicheko mpaka vikapu vikaanguka.

Akashika bua kwa mkono wa kushoto, akaliingiza kwenye pindo, akavuta. Suke likadondoka. Akavuta lingine. Na lingine. Hapo ndipo Tchedre alipouona mkono vizuri, gumba limening'inia, na nikamwona anaelewa pale pale. Akafungua mdomo. Lakini masuke yalikuwa kikapuni, na watu wameona yamekatwa na nani. Akaufunga. Kisha akachomoa kisu chake, akaingia mstari wa pili, akaanza kumkatia shemeji yake mtama kama kibarua mwingine yeyote. Nimempelekea pombe mwenyewe, ili nimwone akiinywa.

Kuhusu kisu: ngozi inamchubua juu ya kifundo cha mkono, mwakani utie kitambaa kwa ndani. Makali yalihitaji jiwe mchana, chuma cha tupa yako kingepata moto kidogo zaidi. Hayo ndiyo makosa yake. Mengine sikuyaona, na nimeyatafuta sana. Nimejivuna, Toyi. Naliandika hili kwa sababu mdomoni halitoki.

Mama yako aliniuliza yule aliyejifunga vidole anaitwa nani. Nikamwambia Dzigbodi. Akalijaribu jina, likamshinda, akalijaribu tena njia nzima ya kurudi, anaudhika nalo, mpaka likakaa. Anasema mje wote wawili, na msije mikono mitupu, anataka samaki mkavu.

Jioni tulikula uani, sote, wavunaji wote na Tchedre na wanawe. Tangu mvua zile mama yako alikuwa anakula ndani peke yake, mlango umefungwa, anasema tumbo halitaki makelele. Juzi alikaa katikati. Nikataka kumvua kile kitanzi anawe ale. Akanikatalia. Akauosha mkono wa kushoto, akaupeleka kwenye chungu mbele ya watu wote, akamega ugali, akala kwa mkono wa kushoto, kisu chako kikiwa bado kwenye mkono wa kulia. Watu wakamega pamoja naye.

Mjomba wako,
Palakiyem